Wakala kasema wani ya 7 ni GPA 3.9, na ubingwa huko nje hauna ada. Wajuzi wa udaktari njooni hapa

Kaka wa PCB (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, sogeza chai.

Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita mwaka huu, kombi PCB. Matokeo yametoka: B ya Kemia, B ya Biolojia, C ya Fizikia. Wani ya 7, yaani divisheni ya kwanza kwa pointi 7. Nyumbani kuku ameshaliwa na mama kawapigia simu hadi watu wanaomdai. Mtoto anataka udaktari, na mimi ndiye kaka daktari, kwa hiyo kila swali linatua kwangu.

Jumamosi kaja na karatasi kutoka kwa wakala wa vyuo vya nje. Ofisi ghorofa ya pili, kiyoyozi, bendera ndogondogo za nchi kama kumi mezani. Karatasi ina mistari mitatu niliyoipigia duara. Wa kwanza: "Ufaulu: GPA 3.9 kati ya 4.0". Wa pili: "Nafasi ya udaktari ni ya uhakika". Wa tatu: "Ubingwa: hakuna ada". Halafu kwa maandishi madogo, fedha ya wakala inalipwa mwanzoni na hairudi.

Nikamuuliza dogo, hii 3.9 imetoka wapi? Akasema dada wa pale ofisini kaingiza kwenye kompyuta ikatoka.

Nimekaa na kalamu siku mbili. Nisahihisheni.

NECTA, baraza la mitihani, kwao namba ndogo ndiyo tamu. A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6, F ni 7. Yanahesabiwa masomo matatu ya kombi tu, GS na BAM, yale masomo ya ziada, zinakaa nje. Bora kuliko wote ana 3, na wani inakwisha kwenye 9. Ukifika kwenye udahili wa chuo, TCU, tume ya vyuo vikuu, wanaigeuza meza: A inakuwa 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na S nusu. Dogo hapo ana 4+4+3, yaani 11 kati ya 15.

Nimegundua njia ya mkato, sijui kama watu wanaijua. Gredi yoyote kuanzia A hadi E, ukijumlisha pointi yake ya NECTA na ya TCU unapata 6. Masomo matatu ni 18. Kwa hiyo toa pointi zako za NECTA kwenye 18, jibu ndilo la TCU. Wani ya 3 ni 15. Wani ya 9 ni 9 vilevile. Ikiingia S hesabu inavunjika.

Sasa tuitafute hiyo 3.9. Nikiichukua 11 kati ya 15 nikaivuta kwenye 4, napata 2.93. Nikifuata herufi tu, kwa mtindo wa Marekani ambako A ni 4, B ni 3 na C ni 2, napata 2.67. Nikifuata asilimia ndiyo kilio kabisa: B ya kidato cha sita kwetu ni 70 hadi 79, na shule nyingi za Marekani 70 hadi 79 ni C. C yetu ya 60 hadi 69 kwao ni D. Hapo dogo anakuwa na 1.67. Mtoto mmoja, cheti kimoja, majibu matatu, na hakuna hata moja linaloikaribia 3.9. Na yote matatu ni ya kulazimisha, maana GPA ya Mmarekani ni wastani wa kazi ya miaka kadhaa darasani, yetu ni mitihani ya wiki chache mwezi wa tano.

Ila si hilo lililonitoa usingizini. Ni mstari wa tatu. Mimi nina miaka sita kazini, daktari wa kawaida hospitali ya wilaya, na faili la maombi ya MMed, ile shahada ya ubingwa, lipo kwenye droo. Watu tunabishana ada ya miaka mitano ya kwanza, chuo cha serikali au binafsi, ndani au nje. Lango la pili, la ubingwa, hatulitazami mpaka tumefika umri wa miaka thelathini na watoto wawili. Wakala kalitazama. Kaliandika kwa neno moja, lakini kaliandika. Je, ni kweli?

Pweza Mkavu

Nimekaa mkao wa kula. Wajuzi waje.

Jino la Pembe

Mkuu acha roho mbaya. Wewe umeshakuwa daktari, dogo kapata njia unamtolea mahesabu. Mwache aende, mbele kwa mbele.

Kaka wa PCB

Mkuu Jino, ada nalipa mimi.

Kisauni Moja

Salaam kutoka Mombasa. Mimi daktari, nimesomea huku huku Kenya. Nimecheka hapo kwa A kuwa 1 halafu kuwa 5, kwa sababu huku kwetu A ni 12. KCSE, mtihani wetu wa mwisho wa sekondari, inapanda ngazi kwa ngazi, E ni 1, D- ni 2, mpaka A- ni 11 na A ni 12. Masomo saba, jumla ya juu ni 84. Ukisikia mtu ana 81 usidhani ni asilimia, ni pointi.

Halafu KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, hawatumii hiyo moja kwa moja. Wanachukua masomo manne yanayohusiana na kozi unayoitaka, wanayachanganya na jumla yako, wanapata pointi za klasta, na mwisho wake ni 48. Udaktari ndio unaokaa juu kabisa. Kwa hiyo Mkenya mwenye 46 na Mtanzania mwenye 7 wanaweza kuwa wanafunzi wa aina moja. Hebu mwambie huyo dada wa kompyuta aingize hiyo.

Kozi yenyewe huku ni miaka sita, kwenu mitano. Kisha mwaka wa intanishipu, yaani mafunzo kazini, na hapo ndipo pana moto. Mkataba wa 2017 ulimweka intani karibu Sh 206,000 za Kenya kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ikaja na 70,000. Tukagoma siku 56, kuanzia katikati ya Machi hadi tarehe 8 Mei. Nakuambia hivi kwa sababu kijana anapochagua chuo haoni haya, anaona jengo na koti jeupe.

Kuhusu ubingwa huku: daktari aliyeajiriwa, akapewa ruhusa na kaunti au wizara, mshahara wake unaendelea. Aliyekuja kwa mfuko wake analipa karo, anashika zamu wodini sawa na mwenzake, na mwisho wa mwezi hana kitu. Wawili, meza moja, mgonjwa mmoja, mmoja analipwa na mwingine analipa.

Mtu wa Wandegeya

Kumbe 48 ni ya Kenya pia? Sisi Uganda tunayo 48 yetu, na si hiyo.

Kwetu A ya kidato cha sita ni 6, B 5, C 4, D 3, E 2, O 1. Ukiomba udaktari, Biolojia na Kemia zinazidishwa kwa 3, Fizikia au Hisabati kwa 2. Mwenye A tatu: 18 na 18 na 12, ndiyo hiyo 48. Juu yake unaongeza zile za somo la jumla na visehemu vya kidato cha nne, 0.3 kwa kila somo ulilopasua. Msichana anaongezewa 1.5. Watu wanakosa nafasi kwa desimali, si utani.

Na mtakuja kuchanganyikiwa zaidi: vyeti vyetu vya kidato cha nne vya mtaala wa zamani vina D1 na D2. Hiyo D si D yenu. Ni daraja la juu kabisa. Nina binamu alipeleka cheti ofisi moja ng'ambo ya mpaka, karani akamwonea huruma, "pole, umejaa D". Ana D1 nane.

Ubingwa Makerere nisiseme sana. Shule ile ya udaktari ipo tangu 1924, imezalisha madaktari wa nchi zote hizi zetu, na bado rezidenti, daktari anayesomea ubingwa, asiye na mfadhili analipa ada na kulala wodini.

Kizazi cha GPA

Mmesahau sisi. Kidato cha nne cha 2014 tulitoka na GPA badala ya divisheni. Baadaye wakarudisha divisheni. Mpaka leo nikipeleka cheti mahali wananiuliza "wani yako ya ngapi?" nami sina wani, nina desimali. Kompyuta ya huyo dada ikikutana na changu italia.

Dkt Zamu

Kaka wa PCB, nimesoma uzi wako nikiwa nimekaa kwenye ngazi za thieta, nasubiri mgonjwa apandishwe. Niko mwaka wa mwisho wa MMed. Ngoja nikupe ya ndani.

Niliingia kwa mfuko wangu. Nilikuwa hospitali binafsi, mkataba, hakuna ruhusa ya masomo kule, ukiondoka umeondoka. Kila mtu anauliza ada ni shilingi ngapi, na ada ndiyo inayokaa kwenye tovuti ya chuo, lakini ada si gharama kubwa. Fanya hivi: chukua mshahara wako wa mwezi, zidisha kwa 36 kama chuo chako ni cha miaka mitatu, kwa 48 kama ni cha minne. Hiyo namba ndiyo ada ya kweli ya ubingwa kwa mtu asiye na mshahara. Ada ya chuo iweke pembeni kama chumvi.

Nilikuwa na gari, IST. Mwaka wa pili ikaenda. Aliyeinunua ni mfamasia wa hospitali hiihii ninayofanyia mafunzo, kwa hiyo kila asubuhi naikuta imeegeshwa chini ya mwembe ule ule niliokuwa naegesha mimi. Kaiwekea vifuniko vipya vya viti.

Usiku nashika zamu. Siku ambayo sina zamu naenda kibarua kliniki moja mjini, naona wagonjwa mpaka saa nne. Jumapili ndiyo ya kuandika tasnifu. Nimesinzia nimeshika kikaza mshono mara moja, bosi akanigonga goti. Sitasema ni wapi. Ni kila mahali.

Sasa wewe una kitu ambacho mimi sikuwa nacho: ajira ya serikali. Ukienda kwa ruhusa ya mwajiri mshahara unaendelea kuingia. Ndiyo, bodi ya mikopo wanaendelea kukata ile asilimia 15 yao, wao hawajui likizo, lakini inayobaki inalisha nyumba. Hapo unachotafuta ni ada tu, na kwa ada kuna ufadhili wa Wizara ya Afya, ule unaobeba jina la Rais Samia, ambao unaangalia fani zenye uhaba. Kama unataka fani inayopendwa na kila mtu, jipange. Kama unaweza kuipenda patholojia au ganzi, mlango ni mpana zaidi.

Na dogo mwambie jambo moja ambalo mimi niliambiwa nimechelewa. MD ya kwetu, shahada ya kwanza ya udaktari, haina daraja. Mhandisi anatoka na daraja la kwanza la GPA 4.4 kwenda juu, daktari cheti chake kimeandikwa amefaulu, basi. Kwa hiyo tulipokuwa chuo tulikuwa na msemo, "C ni daktari". 50 inatosha. Kumbe unapoomba MMed wanafungua orodha ya matokeo na kutazama ulipata nini kwenye somo lile unalotaka kubobea. Rafiki yangu alitaka ubingwa wa watoto kuliko kitu chochote duniani, yaani ana mkono wa watoto, mtoto analia anamshika ananyamaza. Mwaka wa somo la watoto alikuwa anaumwa malaria na kuuguliwa na baba, akapita kwa chupuchupu. Ile herufi moja imemfuata miaka tisa.

Nimeitwa, mgonjwa kapanda.

binti_Pangani

Shikamoo Dkt Zamu. Mimi niko mwaka wa tatu MD. Hiyo ya herufi ni kweli au unatutisha? Darasani kwetu bado "C ni daktari" wanaiimba kabisa.

Dkt Zamu

Marahaba mdogo wangu. Ni kweli. Kama kuna somo unalihisi moyoni, lile lisome kama vile hakuna mengine. Na kama kuna nafasi ya kulirudia vizuri kwa mujibu wa kanuni za chuo chenu, muulize msajili mapema, usisubiri mahafali.

Jino la Pembe

Mnaona sasa? Ndani mateso matupu. Ndiyo maana nasema dogo aende nje. Nje ubingwa unalipwa. Wakala kasema kweli mnambishia nini.

Mtu wa Leipzig

Nimeitwa kwa jina bila kutajwa. Nipo Ujerumani, nafanya ubingwa wa magonjwa ya ndani, MD nimesomea Tanzania.

Wakala kasema nusu. Hapa rezidenti hana ada kwa sababu si mwanafunzi, ni mwajiriwa. Mwaka wa kwanza kwenye hospitali inayofuata mkataba wa chama cha madaktari unapata zaidi ya euro 5,000 kwa mwezi kabla ya makato, na makato yao usiyaulize. Miaka mitano au sita unakuwa bingwa. Sijawahi kulipa hata senti ya ada.

Nusu aliyoficha ni hii. Kwanza, mlango huu haukuhitaji mtu asomee udaktari Ulaya. Mimi nimetoka na cheti cha nyumbani. Pili, hawakuangalia GPA yangu hata kidogo. Hapa kuna kanuni yao ya kugeuza alama, inaitwa ya Bavaria: chukua alama ya juu kabisa ya kwenu utoe yako, gawanya kwa tofauti ya ile ya juu na ile ya kufaulia, zidisha kwa 3, ongeza 1. Mwenye 3.8 kwenye mizani yetu ya 5, ambako kufaulu ni 2, anapata 2.2. Na kwao 1 ndiyo bora na 4 ndiyo mwisho wa kufaulu, kwa hiyo Mjerumani na NECTA ni ndugu. Lakini kanuni hiyo ni ya wanaoomba kusoma shahada. Daktari anayeomba leseni wanamhesabia masomo na saa. Ulisoma nini, saa ngapi, wodi gani. Nilitumwa kurudi chuoni kuomba karatasi inayoonyesha saa nilizokaa kwenye macho na masikio. Msajili alinitazama kama nimemwomba hesabu ya punje za mchele. Pengo likionekana, unafanya mtihani wa mdomo na wa vitendo wa magonjwa ya ndani na upasuaji.

Tatu, lugha. Kwanza Kijerumani cha kawaida mpaka B2. Kisha mtihani wa Kijerumani cha kitabibu wa kiwango cha C1: dakika 20 unamhoji mgonjwa, dakika 20 unaandika, dakika 20 unamweleza daktari mwenzako. Mimi nilianguka mara ya kwanza. Yule mgonjwa wa kuigiza alikuwa na lafudhi ya kijijini, alisema anaumwa "hapa chini", nikaandika tumbo, kumbe goti.

Sasa kijana anayepelekwa na wakala kwenye nchi ambayo darasani anafundishwa Kiingereza na mgonjwa anaongea lugha ya nchi, mwaka wa nne akiingia wodini atazungumza na nani? Atasimama nyuma ya kundi, arudi nyumbani na cheti na mikono mitupu. Hilo ndilo swali la kumuuliza wakala, si GPA.

Kaka wa PCB

Mkuu wa Leipzig, hapo kwenye goti nimecheka peke yangu wodini, manesi wananiangalia. Yaani unaniambia njia ya kwenda kulipwa ubingwa inaanzia hapahapa?

Mtu wa Leipzig

Kwangu ilianzia Muhimbili, basi la Mbagala, na ada ambayo leo hainunui godoro zuri hapa Leipzig.

Nesi wa Ohio

Samahani naingilia, mimi si daktari, ni nesi Marekani, ila nafanya kazi na marezidenti kila siku. Huku nako hawalipi ada. Wanalipwa, zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya fedha hiyo inapitia bima ya serikali ya wazee, Medicare. Saa zao zimewekewa kikomo tangu 2003, 80 kwa wiki. Mkisikia 80 mkadhani ni mapumziko, haya.

Ila shule yenyewe ya udaktari huku mtoto wa kidato cha sita haingii. Ni shahada ya kwanza miaka minne, mtihani wa MCAT wa kuingilia udaktari, ndipo udaktari miaka minne tena. Wanaotoka kwetu wanakuja wakiwa tayari madaktari, wanafanya mitihani ya leseni ya USMLE, hatua ya kwanza na ya pili kila moja ni zaidi ya dola 1,000, halafu wanasubiri ule mchujo wa Machi wa kupangiwa hospitali. Zamani hatua ya kwanza ilikuwa na alama na watu walikuwa wanapimana kwa alama hiyo kama mbuzi mnadani. Tangu Januari 2022 ni umefaulu au hujafaulu. Sasa mzigo wote umehamia hatua ya pili. Wameondoa kipimo kimoja, ushindani ukatafuta kingine wiki hiyohiyo.

Mwenye kumwambia mtoto wa miaka 19 "nafasi ya uhakika", kwa kweli simwelewi.

Shona Jeraha

Mmezunguka dunia nzima mmepita juu ya Arusha hamkutazama chini.

COSECSA. Chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kipo tangu 1999 na makao yake Arusha. Hakina darasa wala hosteli. Darasa ni hospitali iliyokaguliwa ikakubaliwa. Unaajiriwa pale, unalipwa kama daktari, unafundishwa na mabingwa waliopo, unafanya mtihani. Miaka miwili unapata uanachama, mingine mitatu unapata ubingwa kamili wa upasuaji wa jumla. Unalipa kujiandikisha na mitihani, kwa dola, si kidogo, lakini si ada ya mwaka baada ya mwaka na mshahara hausimami. Madaktari wa magonjwa ya ndani nao wana chama chao cha namna hiyo, wa ganzi pia, wa akina mama pia.

Ubaya wake: nafasi ni chache na hospitali yako lazima iwe kwenye orodha. Mimi nilihama mkoa kwa ajili hiyo. Na kuna watu watakuambia bila MMed hutafundisha chuo kikuu, uwaulize kwa upole kama wamesoma kanuni za Baraza la Madaktari za sasa au wanakumbuka za zamani.

Dkt Zamu

Shona Jeraha, ningekujua miaka minne nyuma ningekuwa na gari.

Jino la Pembe

Haya basi. Kwa hiyo dogo afanye nini? Maana mmeongea ya wazee watupu.

Kisauni Moja

Jino, swali lako la kwanza zuri tangu uzi uanze.

Kaka wa PCB

Wakuu, mrejesho. Nimekaa kimya siku nne kwa sababu nilikuwa zamu, na kwa sababu nilitaka kwenda mwenyewe.

Nimekwenda na dogo kule ghorofa ya pili. Nikamwomba yule dada, kwa adabu zote, atuonyeshe jinsi kompyuta ilivyotoa 3.9. Hakuwa na ubaya, katuonyesha. Kuna kisanduku cha kuchagua aina ya ufaulu. Yeye kasoma kwenye cheti "Divisheni I", akachagua "daraja la kwanza". Kompyuta ikajua ni mtu mwenye shahada ya daraja la kwanza, ikampa 3.9. Dogo alikuwa amegeuzwa mhitimu wa chuo kikuu kwa sababu ya namba moja ya Kirumi.

Nikauliza lile la lugha ya wodini. Akasema watafundishwa mwaka wa kwanza. Nikauliza kama wanamsaidia mwanafunzi kupata barua ya TCU ya kutokuwa na pingamizi kabla hajasafiri, akasema hiyo "tutaishughulikia akifika". Akifika! Nikauliza na mtihani wa Baraza kwa waliosoma nje wakirudi. Akamwita bosi. Bosi alikuwa kwenye kikao. Tukanywa maji yao ya baridi, tukaondoka.

Kwenye daladala dogo kaniuliza, "Kaka, kwani 11 si nzuri?" Nikamwambia ni nzuri, ila kima cha chini kwenye mwongozo wa TCU ni ruhusa ya kupanga foleni, hakikuambii foleni ina watu wangapi. Tumeomba vyuo vitatu vya ndani, fomu nimelipia mimi. Viwili vya serikali, vya nafasi chache na watu wengi wenye wani ya 3 na ya 4. Kimoja binafsi, ada yake mara kadhaa ya hivyo viwili, na hapo ndipo mkopo utakapoamua. Akikosa vyote awamu ya kwanza, ya pili ipo. Jino la Pembe, hilo ndilo jibu lako. Halina bendera mezani, najua.

Kuhusu mimi mwenyewe, nimetoa faili kwenye droo. Nimepiga ile hesabu ya Dkt Zamu, mshahara mara 36. Nimeirudia mara mbili halafu nikafunga daftari. Kwa mfuko wangu haiwezekani, kwa hiyo ni ruhusa ya mwajiri au Arusha ya Shona Jeraha. Kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri mimi ni wa nne. Ni wa nne tangu mwaka juzi.

Dkt Zamu

Wa kwanza hadi wa tatu ni akina nani? Wapo kazini?

Kaka wa PCB

Wa kwanza yupo masomoni tayari. Wa pili alihamia mkoa mwingine mwaka jana. Wa tatu ni mzee wetu wa maabara, anastaafu Desemba.

Dkt Zamu

Mkuu, aliyehama na anayestaafu bado wapo mbele yako kwenye karatasi?

Kaka wa PCB

Ndivyo ilivyobandikwa.

Pweza Mkavu

Nilikaa mkao wa kula, naona sasa wewe simama. Kesho saa mbili asubuhi mlangoni kwa afisa utumishi.